Vyungu Viwili vya Mlango wa Makambako

Dada yangu Hulda alikuwa akisema "nitaweza" kabla hujamaliza kumweleza kazi yenyewe. Ukimwambia kuna mzigo, ameshauinua. Ukimwambia njia ni ndefu, ameshafika kona ya kwanza na anakuuliza unangoja nini. Mimi Esteria ni mdogo wake wa tumbo moja, na nimeishi nyuma ya "nitaweza" hiyo tangu nikiwa mgongoni mwake. Sitamsema vibaya, maana mara nyingi aliweza kweli. Lakini mwaka wa hamsini na nne, kule Makambako, neno hilo nusura limtoe kwenye nyumba yake, yeye na mumewe aliyevunjika mguu, na habari hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Tulizaliwa Kichiwa. Mama yetu alikuwa na vinyungu viwili bondeni, yaani zile bustani tunazolima kwenye unyevu wa mto mvua zikishakatika. Hulda alipofika miaka kumi na mitatu alipewa matuta yake mwenyewe. Alijua usiku ambao sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, itashuka kwa kunusa tu hewa ya jioni, na alfajiri yake ungemkuta bondeni na kibuyu, anayaosha majani ya maharage kabla jua halijayapiga, kwa sababu jani lenye sakitu likipigwa na jua huungua. Wenzetu walipokuwa wakila ugali na mboga kavu za mwaka uliopita, sisi tulikuwa na maharage mabichi. Hulda hakuacha mtu asahau jambo hilo.

Kwa kuwa alikuwa na mkono wa namna hiyo, mwinjilisti wetu alimkabidhi kikombe cha maua cha meza ya kanisa. Kila Jumamosi ilikuwa juu yake kutafuta cha kutia. Wakati wa mvua kazi hiyo ilikuwa mchezo. Mwezi wa saba, nchi ikiwa imekauka na nyasi zimekuwa rangi ya mbuzi, ilikuwa shida, lakini kikombe hakikukaa kitupu hata Jumapili moja. Nitakirudia kikombe hicho.

Aliolewa na Yoramu, mtu wa Mawengi, mrefu, mpole, mwenye maneno ya kuhesabika. Nilipomwona mara ya kwanza nilimwambia Hulda kwamba Mungu amefanya vizuri, kwani nyumba yenye Hulda wawili ingepasuka. Yoramu alikuwa mtunza bustani wa nyumba ya wageni iliyokuwa njiapanda ya Makambako, pale barabara ya kutoka Iringa inapogawanyika, moja ikienda Mbeya na nyingine ikipanda Njombe. Wazungu waliokuwa safarini walilala pale. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kizungu aliyekaa Iringa, nasi tulimwita Bibi Mkubwa. Shughuli za kila siku alimwachia msimamizi, Kristofa, mtu wa kaki zilizopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali.

Penye mlango wa mbele wa nyumba hiyo palikuwa na vyungu viwili, kimoja kila upande. Vilikuwa vyungu vya Wakisi, wale wafinyanzi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, vikubwa kiasi cha mtoto kujificha ndani. Bibi Mkubwa alivinunua mwenyewe akavipandisha milimani kwa lori, na alivipenda kuliko kitu kingine chochote pale. Alisema mgeni akishuka garini amechoka, kitu cha kwanza anachokiona ni vyungu vile, na kwa kuvitazama tu anajua kama shuka zake ni safi. Kusogeza chungu kimoja kulitaka wanaume wanne.

Kwa miaka tisa Yoramu alivijaza maua aina ya dalia wakati wa mvua, mekundu na ya njano, makubwa kama sahani. Bibi Mkubwa alikuwa akija Januari na Machi, akakuta dalia, akafurahi, akarudi Iringa. Dalia zikikauka mwezi wa tano, Yoramu alivifunika vyungu kwa mbao mpaka mvua irudi. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Mwezi wa nne wa mwaka ule, tawi la mkaratusi lilikatika likamwangukia Yoramu na kumvunja mguu juu ya goti. Hospitalini walimfunga vizuri, lakini daktari hakumficha. Alimwambia atatembea kwa magongo, na kwamba debe la maji asilibebe tena maishani. Alirudi nyumbani mwezi wa tano, akakaa kitandani akitazama dari.

Sasa nyumba yao, vyumba viwili vya matofali nyuma ya jiko la wageni, ilikwenda pamoja na kazi. Aliyeshika jembe la bustani ndiye aliyelala pale. Mawengi nyumba ya baba yake Yoramu ilikuwa imeshaanguka zamani na mashamba yamegawanywa. Kichiwa kwangu tulikuwa watu wanane katika vyumba viwili. Mtu na mkewe, watoto watatu, na mguu usiokunjika, mngewaweka wapi? Nililifikiria hilo usiku na mchana, nami si mtu wa kukosa usingizi.

Kristofa hakukawia kuja. Hulda alinisimulia kikao hicho mara nyingi hata naona kama nilikuwepo.

"Kamwene," alisalimu pale mlangoni, akavua kofia. "Pole sana, ndugu Yoramu. Mimi nakupa pole, lakini bustani haiwezi kungoja. Nina binamu yangu, Ezekia, mtu mzima mwenye nguvu. Anaweza kuanza Jumatatu."

"Jumatatu naanza mimi," alisema Hulda.

Kristofa alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia kuku akiomba kazi ya ulinzi. "Mama, hili si shamba la mahindi. Hii ni bustani ya Wazungu."

"Kwani udongo wake waliuleta kutoka kwao?"

Hapo Kristofa akakuna shingo. Mtu wa haki alikuwa, hilo sitamnyima, ila haki yake ilipenda kukunjwa kidogo upande wa jamaa zake. Alimwambia Hulda kwamba mwaka huu Bibi Mkubwa hangoji mvua. Nyumba imepakwa rangi mpya na anataka kuiona, atafika katikati ya mwezi wa saba. "Akute vyungu vya mlangoni vina maua. Sikusema majani, nimesema maua. Akiyakuta, nitamweleza kwamba wewe unafaa. Akikuta mbao, Ezekia analeta kitanda chake."

"Nitaweza," alisema Hulda.

Yoramu, kitandani, akainua kichwa. "Hulda, mwezi wa saba hapa Makambako..."

"Mwezi wa saba ni baridi, na mimi baridi nimezaliwa nayo. Wewe pumzika."

Yoramu akalaza kichwa chake. Hulda hakumwuliza alitaka kusema nini.

Juma lile lile dada yangu alidandia lori la viazi akapanda Njombe. Hesabu yake ilikuwa moja tu: kama kuna maua yanayoistahimili baridi ya Njombe, baridi ya Makambako itakuwa kitu gani kwake? Makambako ni chini kidogo, baridi yake ni ndogo. Alizunguka mji mzima akitazama milango ya watu. Nyumba ya karani ilikuwa na mawaridi, lakini yalikuwa yamekatwa na yanalala. Kwenye duka la Mhindi kulikuwa na jeraniamu ndani ya madebe, Hulda akazigusa majani akatikisa kichwa, akasema hizo sakitu itazipika. Huko Mjimwema ndiko alikopata alichokitaka, nyumbani kwa Konsolata, mama mmoja Mkatoliki aliyepewa mbegu na masista wa misheni.

Yalikuwa maua marefu, yamepangika kwenye kikonyo kuanzia chini hadi juu, ya waridi na meupe, na kila ua lina mdomo. Ukilibana mashavu linafunguka, ukiliachia linafumba. Watoto wa Mjimwema waliyaita midomo, nasi tutayaita hivyo hivyo. Hulda aliyakuta asubuhi yana sakitu juu yake, na saa nne yamesimama kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mama Konsolata, nigawie miche ishirini," alisema.

"Walutheri nanyi mmeanza kupenda mapambo?"

"Tulianza zamani. Ni vile hatupigi kelele."

Konsolata alicheka akampa ishirini na minne. Hulda alirudi Makambako na miche ndani ya kikapu, imefungwa kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, na yeye mwenyewe amekaa juu ya magunia ya viazi akiimba. Dereva ndiye aliyeniambia kwamba aliimba njia nzima, na kwamba alipita Kichiwa bila kushuka kunisalimu. Mtu mwenye ushindi mfukoni hana muda wa mdogo wake.

Akavijaza vyungu udongo mweusi na samadi, akapanda. Miche ilishika. Mwanzoni mwa mwezi wa sita yalikuwa yamefika magotini na machipukizi yamejaa. Kila jioni, kwa kuwa machipukizi yalikuwa bado machanga, alivifunika vyungu kwa magunia, akiyafunga kwa kamba ya katani, ili sakitu isiyaguse. Kila asubuhi aliyafunua kwa fahari huku wapishi wakitazama. Sakitu haikuja. Hulda alidhani magunia ndiyo yaliyoizuia.

Kumbe Makambako sakitu si mgeni wa kila usiku. Mgeni wa Makambako ni upepo. Katikati ya mwezi wa sita unaamka kutoka mashariki, mkavu, wenye vumbi, unapita njiapanda ile mchana kutwa kama mtu aliyeitwa mbele na kuchelewa. Vyungu vya udongo usiopakwa kitu hupumua, na upepo uliyanywa maji yake yote kabla ya saa sita. Hulda akamwagilia mara mbili, kisha mara tatu. Vikonyo virefu vikaanza kuinama upande mmoja. Akavifunga kwenye vijiti. Akazidisha kamba kwenye magunia.

Na magunia ndiyo yaliyommaliza. Usiku mmoja upepo uliingia chini ya gunia la kulia ukalijaza, kamba ikashika, gunia likawa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, likiyachapa midomo yale mpaka kulipokucha. La kushoto vile vile. Asubuhi Hulda alifungua kamba mbele ya wapishi wale wale, akakuta vikonyo vimekatika vyote na maua yamesagika ndani ya samadi. Hakuna ng'ombe aliyeingia, wala mtoto aliyechezea. Ni gunia lake mwenyewe na fundo lake mwenyewe.

Kristofa alikuja, akatazama, akasema, "Umebakiwa na majuma matatu na ushei, mama." Nyuma yake alikuja Ezekia, jitu la watu, mpole, aliyeomba radhi kisha akaingia ndani kupima kwa hatua mahali kitanda chake kitakapokaa. Yoramu alimtazama akipima. Hulda alitoka nje.

Siku ya pili alishuka kwenye lori pale Kichiwa. Nilikuwa nikitwanga. Nilipomwona nikaanza utani wangu, "Leo mheshimiwa ameshuka?" Alikaa kwenye kinu kingine kilichopinduliwa, akanisimulia yote kwa sauti ndogo. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kuogopa kwa ajili ya Hulda. Nilimwogopa yeye mara nyingi, lakini kwa ajili yake, hapana. Siku ile niliogopa.

"Nimemponza Yoramu," alisema. "Ningekaa kimya, labda Kristofa angemtafutia hata kazi ya kukaa, ya kulinda stoo. Mimi nikapanda Njombe naimba."

Nikamwambia twende kwenye kinyungu tukachume mboga. Njia yetu inapita juu ya kilima cha malisho kabla ya kushuka bondeni. Kilima kile hakina mti hata mmoja, na upepo uliokuwa ukivuma pale ulikuwa ndugu wa upepo wa Makambako, kama si baba yake. Kitambaa cha kichwani cha Hulda kilipeperuka. Alikikimbilia, akakikamata kikiwa kimenasa chini, akainama kukinasua, na hakuinuka.

"Dada, umeumia?"

"Esteria, kikombe cha kanisa," alisema.

Kitambaa kilikuwa kimenaswa na yale maua ambayo hatukuwahi kuyapa jina la heshima. Tukiwa watoto wachungaji tuliyaita kavukavu. Ni mafupi, hayafiki goti, majani yake yana manyoya ya kijivu, na maua yake ya njano na meupe yana ugumu wa maganda ya vitunguu. Ukiyashika yanalia kidogo vidoleni. Yanachanua katikati ya ukame, yakiwa hai ni kama yamekauka, na yakikauka ni kama yako hai. Mwezi wa saba wote, mwaka hadi mwaka, hayo ndiyo Hulda aliyokuwa akitia kwenye kikombe cha mwinjilisti, tena akinung'unika, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine. Kila mtu aliyahesabu kuwa magugu ya malisho. Upepo ulikuwa ukiyapiga pale kilimani na yalikuwa yanatikisika kidogo tu, bila hata moja kuinama.

"Kristofa atasema umemletea chakula cha mbuzi," nilimwambia.

"Hata mbuzi hawayali."

"Basi atasema umemletea ambacho hata mbuzi hawali."

Alicheka. Nilifurahi kusikia kicheko kile kuliko nilivyofurahi siku ya arusi yangu, na mume wangu anisamehe.

Lakini safari hii hakukurupuka. Kesho yake alitembea kilima kizima kuanzia asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka, akichagua. Aliacha yaliyokwisha chanua yote, akachukua yenye maua machache na machipukizi mengi, kwa hesabu ya majuma matatu mbele. Alichagua yale ya mgongoni mwa kilima yaliyozoea kupigwa, akayaacha ya bondeni. Kila fungu alilikata kwa jembe pamoja na udongo wake na changarawe zake, hata nyasi zake, bila kutikisa mzizi. Yalifika mafungu kumi na sita. Tuliyapanga kwenye nyungo nne, na kesho yake nilipanda naye lori, kwa sababu nyungo nne hazibebwi na mtu mmoja, na kwa sababu nilitaka kumwona Kristofa.

Makambako alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Kabla hajagusa vyungu, aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda cha Yoramu, akaweka fungu moja la kavukavu juu ya blanketi. Mimi nilisimama mlangoni.

"Siku ile ulitaka kuniambia nini?" alimwuliza. "Ulipoanza kusema mwezi wa saba."

Yoramu alilishika lile fungu akaligeuza. "Upepo," alisema.

"Ulijua."

"Miaka tisa nausikia, Hulda. Unafikiri mbao zile nilifunikia nini?" Kisha akaongeza, "Ungeniuliza."

"Ningekuuliza," alisema Hulda. Machozi yalimtoka waziwazi, naye hakuyafuta. "Sasa nakuuliza. Niambie yote."

Basi Yoramu, yule wa maneno ya kuhesabika, aliongea mpaka uji ukapoa. Alisema upepo haukipigi chungu cha kushoto kama cha kulia, kwa sababu unazunguka pembe ya jiko na kujitupa kwenye chungu cha kulia. Alisema chungu kikijaa hadi mdomoni udongo unapeperushwa, upungue shubiri moja chini ya ukingo. Alisema samadi yote itolewe, udongo mwororo hukauka upesi na kupasuka, na juu yake ziwekwe kokoto kubwa za kuushikilia. Hulda alisikiliza kila neno. Yoramu aliposema wanaume wanne wakikisogeza chungu cha kulia upande wa ukuta hatua mbili kitapata kivuli cha upepo, Hulda aliinuka akaenda kuwatafuta wanaume wanne, akapata wapishi wawili, dereva wa lori, na Ezekia mwenyewe, ambaye hakuambiwa ni ya nini.

Tukapanda. Mafungu ya njano mbele, meupe nyuma, mawili ya kijivu yasiyo na ua ukingoni ili yamwagikie nje kidogo. Hulda alikuwa akipanda fungu moja, kisha anakwenda hadi barabarani, pale magari yanaposimama, anageuka na kutazama kama mgeni. Mara tatu alitoa na kupanga upya. Nilimwambia mgeni aliyechoka hatahesabu mashina, akaniambia mgeni aliyechoka ndiye anayeona kila kitu.

Kristofa alikuja saa kumi. Alitazama kimoja, akatazama kingine.

"Mama, haya ni majani ya porini."

"Ni maua. Ulisema maua."

"Bibi Mkubwa ameona maua ya Ulaya, ya London! Unataka aone malisho ya Kichiwa?"

"Nataka aone maua mwezi wa saba," alisema Hulda. Sauti yake ilikuwa imerudi.

Kristofa akanyoosha kaki zake. "Akiuliza, mimi sikuwepo," alisema, akaondoka.

Majuma matatu yale nilikaa Makambako, mume wangu akinitumia salamu za lawama kwa kila lori. Upepo ulivuma kila siku. Uliangua bati la choo, ukapeleka shuka za wageni hadi barabara ya Mbeya. Kavukavu zilikunywa maji kidogo mara moja kwa juma na zikaendelea kufunguka, moja leo, tatu kesho. Wageni walianza kuinama mlangoni kuzigusa. Kufikia katikati ya mwezi wa saba vyungu vilikuwa na rangi ya jua la asubuhi, na yale ya kijivu yamemwagika juu ya ukingo kama Hulda alivyosema.

Bibi Mkubwa alifika saa nane mchana. Aliposhuka garini upepo ulimvua kofia ukaikimbiza, dereva akaifuata, naye akabaki ameshika nywele kwa mkono mmoja na gauni kwa mkono wa pili. Hivyo ndivyo alivyosimama mbele ya mlango wake. Rangi mpya hakuitazama. Aliachia nywele, akainama, akagusa ua moja la njano, likalia vidoleni mwake, akacheka kama msichana.

"Haya nani naweka hapa?" aliuliza kwa Kiswahili chake.

Kristofa, ambaye hakuwepo, alikuwepo. "Ni Yoramu, Bibi Mkubwa," alijibu haraka. "Chini ya usimamizi wangu."

Sisi tulikuwa tumepangwa ukutani, watumishi wote, Hulda na mimi mwishoni kabisa, na Yoramu kwenye magongo yake karibu na pembe. Bibi Mkubwa akamgeukia Yoramu uso umechangamka. "Oo, Yoramu! Basi mguu napona? Wewe nafanya kazi tena?"

Nataka ueleweke vizuri wakati huo. Angesema ndiyo, ingekuwa imekwisha. Kazi yake ingebaki yake, nyumba ingebaki, jina lake lingebaki jina la mtunza bustani wa Makambako, na Hulda angelima nyuma yake kimya kimya kama wanawake wengi wanavyofanya. Hulda mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, tayari kulikubali hilo. Na Yoramu alikuwa mwanamume aliyelala miezi mitatu akitazama dari.

"Mguu haujapona, Bibi Mkubwa," alisema, "wala hautapona. Mimi sijagusa vyungu hivi tangu mwezi wa nne. Maua haya aliyachagua mke wangu, akayatoa kwao, akayapanda yeye."

Bibi Mkubwa alitazama ule mstari wetu. "Mke wako nani? Jina gani?"

Na dada yangu, aliyekuwa na jibu la kila swali tangu tulipozaliwa, hakuweza kujibu. Nilimsukuma kwa kiwiko. Mdomo ulifunguka na kufumba kama yale maua ya Konsolata, sauti haikutoka. Ndipo Yoramu aliposogea na magongo yake, hatua moja, hatua mbili, mpaka akasimama mbele yake.

"Huyu hapa," alisema. "Anaitwa Hulda. Na anaweza."

Bibi Mkubwa alimpa Hulda mkono, vidole vikiwa bado na vumbi la kavukavu. "Basi Hulda sasa shamba boi yangu," alisema, akitumia jina ambalo Wazungu waliwaita watunza bustani wanaume, na ule mstari wote ulipasuka kwa kicheko, Ezekia akicheka kuliko wote, mtu mwema yule. Hivyo ndivyo dada yangu, mama wa watoto watatu, alivyokuwa shamba boi, na akakaa kwenye kazi hiyo miaka kumi na mmoja.

Aliendelea kusema "nitaweza" kama zamani, sitadanganya. Alijua mvua zikianza ni dalia, mvua zikipungua ni midomo ya Konsolata kwa majuma machache, na upepo ukija ni kavukavu za Kichiwa. Hakuna mtu Makambako nzima aliyejua mambo hayo kuliko yeye. Lakini kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa tano, kabla hajatia mkono kwenye udongo wa chungu, alikwenda kukaa ukingoni mwa kitanda cha Yoramu na kumwuliza upepo utaanza lini. Yoramu alimweleza yote tangu mwanzo, pembe ya jiko, shubiri moja chini ya ukingo, kokoto, samadi. Nami niliyemkuta mara nyingi akisikiliza nakuambia kwamba hakumkatiza hata neno moja.